Mama Fungua na Bustani ya Kwenye Beseni

“Nimesema mwizi ni mtoto huyu, na sirudi nyuma. Kiti hakitoki chenyewe. Aliyekitengeneza ndiye anayejua kimeenda wapi.”

Maneno hayo aliyasema mama yetu, huyu tunayemzika leo. Aliyasema Jumapili tarehe 3 Machi mwaka 2024, saa moja na nusu asubuhi, pale bombani, mbele ya watu kumi na mmoja waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao. Mtoto aliyekuwa akisemwa ni mjukuu wake, binti wa kaka yangu, aliyekuwa na miaka kumi. Kiti kilichokuwa kikisemwa kilikuwa na urefu wa kidole gumba. Wengi wenu mlikuwepo. Wengine hamkuwepo, lakini habari iliwafikia kabla maji hayajachemka.

Mimi ni binti wa marehemu, mtoto wake wa pili na wa mwisho, na ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Jambo la kiti lazima liishe leo, hapa hapa, kwa sababu mama mwenyewe aliagiza hivyo, na mtoto yupo, amekaa mstari wa mbele na sweta ya kijani. Lakini si haki kumzika mtu na siku moja tu ya maisha yake. Kwa hiyo nianze alikozaliwa.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi mwaka 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba namba nne ya wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake alikuwa mlinzi wa geti pale barabara inapokata reli; kazi yake ilikuwa kushusha kizuizi treni inapokaribia na kukipandisha ikishapita. Mama alikua amekaa kwenye ngazi ya kibanda hicho, akihesabu mabehewa. Siku moja, akiwa na miaka sita, alimwambia baba yake kwamba asubuhi yamepita mabehewa kumi na tisa na jioni yamerudi kumi na nane. Babu akamjibu lile moja limebaki karakana. Mama akavaa viatu akaenda karakana kuhakikisha. Lilikuwepo. Alirudi, na kwa maelezo yake mwenyewe, hakuridhika.

Aliingia darasa la kwanza mwaka 1959 na kumaliza la saba mwaka 1965, katika shule ya msingi iliyokuwa ng’ambo ya reli. Alikuwa na mwandiko mzuri na hesabu za haraka, na darasa la sita akachaguliwa kiranja wa chaki. Uongozi wake ulidumu wiki tatu. Wiki ya tatu alikwenda kwa mwalimu mkuu, akamuuliza mbele ya wageni kwa nini boksi la chaki likiingia Jumatatu, Jumatano limebaki nusu, na kwa nini mke wa mwalimu wa hesabu, ambaye ni fundi cherehani, hajawahi kuonekana akinunua chaki ya kuchorea vitambaa. Mwalimu wa hesabu akaonywa. Mama akavuliwa ukiranja. Hadithi hiyo aliisimulia mpaka uzeeni, na hakuisimulia kama mtu aliyeshindwa.

Aprili 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, idara ya vifungo. Alishona vifungo kwa miaka minne. Mwaka 1975 mkaguzi wa getini alistaafu, na wakubwa wakatafuta mtu asiye na rafiki wa karibu. Mama akapewa meza, kiti na taa, akakaa pale miaka thelathini na moja, mpaka tarehe 30 Juni 2006 alipostaafu.

Wengine mliopo hapa mlipita mbele ya meza ile, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza. Kwa wasiojua: kila jioni saa kumi na nusu kengele ikilia, wanawake mia tatu walipita mmoja mmoja, na kila mmoja aliambiwa neno moja tu, “Fungua.” Hakusema “tafadhali” wala “dada”. Jina lake kamili mnaliona kwenye jalada la programu, lakini mtaani kote aliitwa Mama Fungua, na alilipenda. Alikuta kola kumi ndani ya chupa ya chai. Alikuta uzi uliozungushwa kiunoni mpaka mtu akaonekana mjamzito. Alimsimamisha mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, na mtoto alipofunguliwa akawa mita tano za kitambaa cheupe. Tulipomuuliza alijuaje, alisema, “Wiki nzima mtoto hajapiga hata chafya.”

Alijua pia ubaya wa upande wa pili. Wako waliowekewa vitu mikobani na wenzao waliotaka nafasi zao, na mama alikwisha kuona mtu akifukuzwa kwa kosa la mwingine. Tangu hapo hakumwamini aliyekutwa na kitu, na aliyekutwa hana kitu hakumwamini pia. Mimi nilifanya kazi kiwandani hapo miaka mitatu. Mkoba wangu aliukagua kila jioni, mara mbili, ili watu wasiseme.

Hata ndoa yake ilianzia kwenye meza ile. Februari 1977 alikuja fundi wa mizani kutengeneza mzani wa stoo. Wakati wa kutoka, mama akafungua sanduku lake la vifaa.

“Umeingia na mawe sita ya mizani. Hapa yako saba.”

“La saba ni yai la kuchemsha, dada. Nimelifunga kwenye karatasi.”

“Fungua.”

Fundi akalifungua. Lilikuwa yai. Kesho yake mzani ulikuwa umekwisha kupona na hakukuwa na sababu ya fundi kurudi, lakini alirudi, na yai mkononi bila karatasi, akaliweka mezani kwake, akaondoka. Mama alilichunguza yai lile mpaka mchana ndipo akalila. Walifunga ndoa tarehe 12 Novemba mwaka huo huo. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu mwaka 1978, ambaye leo ni fundi wa majokofu, nami mwaka 1980. Baba alikuwa mtu wa utani na subira. Kwa karibu miaka thelathini na sita, kila akirudi nyumbani aligeuza mifuko yake nje pale mlangoni kabla ya kuulizwa. Alifariki tarehe 22 Septemba 2013, na mama akabaki peke yake, dirishani, akiwahesabu wapita njia.

Mwaka uliofuata alizaliwa mjukuu huyu. Mama yake, wifi yangu, ni mkata tiketi kituo cha mabasi na hutoka kazini jioni, kwa hiyo mtoto alipoanza shule ikawa kila mchana anatoka darasani anakwenda kwa bibi yake. Mama alimwita Mwenzangu. Hajawahi kumwita hivyo mtu mwingine, na sisi watoto wake tuliliona hilo.

Juni 2022 Mwenzangu alikuja na kitabu cha maktaba ya shule. Ndani yake kulikuwa na picha za bustani ndogo zilizotengenezwa ndani ya vyungu na mabeseni, zenye njia, madaraja na nyumba za kimo cha kiganja, na watu wadogo wenye mabawa wakiwa wamekaa humo. Kitabu kiliwaita vichimbakazi. Mama alivaa miwani, akaisoma picha ile kama anavyosoma mkoba.

“Hawa wanaishi wapi?”

“Popote, bibi. Ukiwatengenezea bustani nzuri wanakuja. Ila wanakuja wakati hakuna anayewatazama.”

“Wanakuja wakati hakuna anayewatazama?”

“Ndiyo.”

“Hao ni wezi.”

Nilikuwepo, nachambua mchele. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Lakini kesho yake alitoa uani lile beseni la bati lililopasuka ukingoni, akalitoboa chini kwa msumari ili maji yapite, akatia kokoto, akatia udongo, akamwambia Mwenzangu, “Watakuja kwa masharti.”

Sharti la kwanza, bustani iwe na geti moja. Mtoto akamwambia wana mabawa, hawahitaji geti. Mama akaleta ule wavu wa kufunikia chakula, akaufunika juu ya beseni.

“Bibi, ukifunika hawataingia.”

“Ndiyo kazi ya kufunika.”

Walibishana siku mbili. Mwishowe wakakubaliana: wavu utolewe, geti libaki, na kando ya geti kijengwe kibanda cha mkaguzi. Kibanda kilijengwa kwa visanduku vinne vya kiberiti. Ndani yake mama aliweka meza ya kifungo cha shati kilichogundishwa juu ya vipande vya njiti. Kuvu ya kijani waliibandua kwenye ukuta wa mfereji, wakaitandika kuwa nyasi. Njia zilikuwa za maganda ya mayai yaliyooshwa na kupondwa, bwawa lilikuwa kifuniko cha mafuta ya kupaka, ua ulikuwa wa vijiti vya aiskrimu. Mtoto alitengeneza ngazi, kiti cha waya na ndoo iliyotokana na kifuniko cha dawa ya meno. Mama alishona nguo. Alikata mabaki ya kola na kushona mashati ya ukubwa wa ukucha, yenye tundu la kifungo lililozungushiwa uzi kwa mkono, akayaanika kwenye uzi bustanini. Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja akitoa mashati kwenye mikoba ya watu, sasa alikuwa anayashona na kuyaacha nje, bure, kwa watu asiowaamini.

Bustani ile ikazaa nyingine. Kulikuwa na ya kwenye droo ya cherehani, ya kwenye sufuria isiyo na mpini, na moja ndani ya kiatu cha marehemu baba. Mpita njia akisimama kutazama, mama alimuuliza anatafuta nini. Lakini hakuwafukuza, na ukikaa zaidi ya dakika moja alianza kukueleza.

Sasa nifike kwenye mambo ya mwaka 2024.

Tarehe 17 Januari ngazi ilipotea kwenye beseni. Tarehe 5 Februari ikapotea ndoo. Mama alianza na paka wa jirani, akamwachia huru kwa kukosa ushahidi. Akaja kwa mshona viatu wa mlango wa pili, ambaye ana haja na waya na gundi. Akamtazama wifi yangu. Akanitazama mimi, nilipotoka siku hiyo alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na macho yake yalikuwa kwenye mkoba.

Kisha akatega mtego wa kiwandani. Alisaga chaki ya cherehani, akanyunyiza unga wake kuzunguka beseni jioni kabla ya kulala. Asubuhi alituita mimi na kaka. Kulikuwa na nyayo, safi kabisa, zinakwenda mpaka kwenye beseni na kurudi. Zilikuwa za ndala zake mwenyewe, zile zilizolika kisigino cha kushoto.

“Mnaona ujanja huo?” alisema. “Mwizi amevaa ndala zangu.”

Nasema kweli mbele yenu, niliamini. Nililelewa na mtu huyu. Sikuuliza swali ambalo mtoto wa chekechea angeuliza. Kaka yangu alikuna kichwa, akasema, “Mama, labda ni wewe uliamka,” na mama akamuuliza yeye alikuwa wapi usiku huo.

Ndala zile mguu wa mtoto unaingia. Anayejua zinapokaa ni mtoto. Anayejua kiti kiko upande gani wa bwawa ni mtoto. Kiti kilipopotea tarehe 1 Machi, mama akafunga hesabu, na Jumapili yake akaenda bombani na kusema yale niliyoanza nayo. Mwenzangu alikuwa nyuma yake ameshika kidumu. Alikiweka chini, akaenda kwao bila maji.

Siku hiyo hiyo alasiri nilikwenda nyumbani kwa kaka yangu, nikautoa mkoba wa shule wa mtoto kwenye msumari, nikaufungua mezani. Nilitoa madaftari mawili, nusu penseli, rula iliyovunjika, na mfuko wa nailoni wenye maganda ya mayai.

“Unaona,” nikasema. “Vitu vya bustani hivi.”

“Hayo nilikuwa napeleka, shangazi,” mtoto akasema. “Sikuwa natoa.”

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi. “Umemaliza, wifi?” akaniuliza. “Basi funga zipu.”

Tangu siku hiyo mtoto hakukanyaga kwa bibi yake. Wifi nami tukawa tunapishana kama watu waliokutana benki. Na msidhani mambo ya bombani yaliishia bombani. Shuleni walianza kumwita Kiti. Mwalimu wa darasa, ambaye simlaumu sana kwa sababu mimi shangazi yake nilifanya vibaya zaidi, alimhamisha kutoka dawati lake lililokuwa karibu na kabati la vifaa. Penseli ikipotea, macho ya darasa zima yalijua pa kuangalia. Kwa miezi mitano mtoto alikwenda shule hivyo, na nyumbani hakusema, mpaka mama yake alipoliona jina hilo limeandikwa kwa wino nyuma ya sketi yake.

Wakati huo huo mama alikuwa akibadilika, nasi tukasema ni uzee na upweke. Aliacha birika motoni mpaka likatoboka. Alitoka dukani akaenda kinyume, akarudishwa na muuza magazeti. Kila alipokosea, alimtaja mtu aliyemfanya akosee.

Jumapili tarehe 18 Agosti 2024 mama alikwenda mwenyewe nyumbani kwa kaka, akiwa amevaa koti lake la kazi la zamani. Tulikuwa wote, kwa sababu kaka alikuwa ameniita tupatane na wifi na tulikuwa bado hatujapatana. Mama hakuketi. Alimwita Mwenzangu, akaweka mezani mbele yake bahasha saba za kaki.

Kiwandani, kitu kilichokutwa kwa mtu kilitiwa kwenye bahasha, na juu yake huandikwa ni nini, tarehe, saa, kimekutwa kwa nani, na saini ya mkaguzi. Bahasha hizi zilikuwa zimeandikwa hivyo hivyo, kwa mwandiko wake mzuri. Ngazi moja. Ndoo moja. Kiti kimoja. Mashati mawili. Daraja. Kipande cha ua. Geti. Na kwenye zote saba, pale pa kuandika jina la aliyekutwa na kitu, alikuwa ameandika jina lake mwenyewe. Vitu alivikuta ndani ya mfuko wa aproni, ndani ya foronya, kwenye kopo la sukari. Alikuwa anaamka anavikusanya, anavificha visiibiwe, na asubuhi hakumbuki.

Nilizipanga bahasha kwa tarehe, kwa sababu mimi ni mtoto wake. Mbili zilikuwa za kabla ya siku ya bombani. Ya kiti ilikuwa ya tarehe 4 Machi, kesho yake.

“Mama,” nikasema, “ulikuwa na viwili tayari ulipomsema mtoto.”

“Nilikuwa navyo. Nikasema kaniwekea. Kiwandani walikuwa wanawekeana.”

“Na kiti?”

“Nikasema kaniwekea kabla hajaondoka.” Akaishika meza. “Lakini vinne vya mwisho vimepotea na yeye haji. Hapo nikajua. Nikanyamaza, kwa sababu mkijua kichwa changu kinanitoroka mtanifungia ndani.”

Mwenzangu alisoma bahasha zote, moja baada ya nyingine, akazirudisha mezani.

“Bibi, kiwandani mtu akikamatwa mara tatu anafanywaje?”

“Anafukuzwa.”

“Wewe ni mara saba.”

“Ni saba.”

“Basi umefukuzwa.”

“Nimefukuzwa,” mama akasema, na akavua lile koti, akalikunja, akampa.

Mtoto alilipakata. Kisha akasema bustani zinahitaji kibarua wa kumwagilia maji, ila kibarua hana ruhusa ya kukagua mtu. Mama akauliza zamu inaanza lini. Akaambiwa kesho baada ya shule.

Alifanya kazi hiyo miezi saba. Oktoba 2024 daktari alituonyesha picha ya kichwa chake, akatueleza ubongo unasinyaa, kwamba ni ugonjwa wa kusahau na hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Mama akamuuliza picha hiyo ameipata wapi na ni ya nani. Tulihamia kwake, mimi na mizigo yangu, tarehe 2 Novemba. Hatukumfungia ndani. Wifi alimshonea kwenye kila nguo kitambaa chenye namba zetu za simu, na muuza magazeti akaongezewa kazi ya kutazama.

Jambo moja lilimtesa. Aliniambia, “Nilimsema hadharani. Kumsafisha chumbani si kumsafisha.” Nikamwambia aende bombani aseme. Alikwenda kweli, Jumapili moja ya Januari, nikiwa nimemshika mkono. Foleni ilikuwa ndefu. Akasimama palepale aliposimama mwanzo, akasema, “Sikilizeni, kuhusu yule mtoto,” kisha akanyamaza, akatazama ndoo, akaniuliza tumefuata nini. Watu wawili walicheka. Najua ni akina nani na mko hapa, lakini leo si siku yenu. Njiani kurudi alikumbuka, akasimama katikati ya barabara. “Siku mtakayonizika watakuja wengi kuliko bombani,” akasema. “Utasema wewe. Wewe hutasahau katikati.”

Machi 2025 miguu ilianza kumkataa, na umwagiliaji ukawa wa kukaa kwenye kiti na kuelekeza. Mimi aliacha kunijua mwezi wa Mei. Aliniita “wewe wa zamu ya pili” na kunitaka nifungue mkoba, nami nikafungua kila mara. Lakini mjukuu wake hakumsahau, aliendelea kumwita Mwenzangu. Juni mwanzoni alipata homa ya mapafu. Alifariki nyumbani kwake, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Kaka yangu, mkewe na mimi tulikuwa chumbani. Mtoto alikuwa uani anamwagilia, na ni yeye aliyeingia na kuuliza mbona kimya.

Kwa hiyo natamka, kwa niaba ya mama na kwa agizo lake, mbele yenu ninyi mlio wengi kuliko bombani: mtoto huyu hakuiba kiti. Hakuiba ngazi, wala ndoo, wala chochote. Hajawahi kuiba. Aliyechukua ni mama, naye hakuwa mwizi, alikuwa mgonjwa. Mwenye mtoto shuleni pale na ampelekee habari, na mwalimu wa darasa, ambaye namwona, amrudishe kwenye dawati lake la zamani.

Marehemu ameacha mwana mmoja na binti mmoja, mkwe aliyemvumilia kuliko nilivyomvumilia mimi, wajukuu wawili, Mwenzangu na mdogo wake, dada mmoja na kaka mmoja kati ya wale sita, wenzake wa kiwandani, na bustani nne, ambazo kuanzia sasa ni mali ya mjukuu wake wa kwanza.

Limebaki langu. Juzi nilimsomea mtoto karatasi hii jikoni, ili kama kuna uongo autoe. Alisahihisha kitu kimoja: nilikuwa nimeandika shati, yalikuwa mashati mawili. Nilipofika mahali pa mkoba wake wa shule, alinisimamisha.

“Hapo umeandika ulichofanya, shangazi. Hujasema kitu.”

“Nimeandika kwamba nilifanya vibaya.”

“Kwenye karatasi mtu yeyote anaweza kusoma. Sema.”

Kaka alikuwepo, wifi alikuwepo, sufuria ilikuwa inachemka. Niliweka karatasi mezani. Nikamwambia nilimkosea, nilipekua mkoba wake nikiwa nimekwisha kumhukumu, na alipojibu ukweli sikumsikiliza. Nikamwomba anisamehe, na nikamgeukia mama yake nikamwomba pia. Wifi alinyanyua kifuniko, akapunguza moto, akasema, “Yameisha, wifi.” Mtoto alinitazama kidogo zaidi, kuona kama nimebakiza kitu.

“Haya,” akasema. “Sasa unaweza kuwasomea.”

Nimewasomea. Mama alale salama, hadaiwi.